Mlango wa Kumi na Saba: Risala ya Wafagizi wa Kituo

Mgeni rasmi, mheshimiwa Kamishna uliyetoka makao makuu; Mkuu wetu wa Kituo; maafande wa vyeo vyote, mliokaa na mliosimama kwa sababu viti vimekwisha; majirani mlioalikwa na mliojialika; mabibi na mabwana.

Kabla ya yote, mgeni rasmi, tunakuomba usiegemee ukuta ulio nyuma yako. Rangi yake ilipakwa jana jioni na bado haijakauka. Mkuu wa Upelelezi ameshaegemea, na kwa heshima hatukumwambia.

KARIBU

Sisi ni wafagizi wa kituo hiki. Tuko saba, wote wanawake. Tumesimamishwa mbele yako kwa sababu leo ni Siku ya Milango Wazi, na ilionekana kwamba risala ikisomwa na askari itafanana na amri, ila ikisomwa na wafagizi itafanana na wananchi. Mimi ndiye mdogo wao. Nimechaguliwa kusoma kwa kuwa nilimaliza darasa la saba na sihitaji miwani. Kiongozi wetu, ambaye kituo kizima kinamwita Mama Ndoo, ndiye huyu hapa kulia kwangu. Amefagia hapa miaka kumi na tisa chini ya wakuu wa kituo wanane, na anasema wote wanane walikuwa wanaacha kikombe cha chai palepale, juu ya faili.

Ulipoingia asubuhi ulizisifu sare zetu. Ulisema, "Wamependeza hawa, nani amewashonea?" Mkuu wa Kituo akajibu kwamba ni mpango wa ofisi. Tunashukuru kwa sifa. Lakini aliyeshona si ofisi, ni fundi cherehani mmoja, mwanamke mwenye kibanda mkabala na geti letu. Ukitazama vizuri utaona wanne kati yetu wana pindo la uzi na watatu wana pindo la pini. Mimi ni wa pini. Fundi alikuwa hajamaliza alipochukuliwa na askari wa kituo hiki, na leo ni siku ya tisa. Hana kosa, hajafikishwa mahakamani, na jina lake halimo katika kitabu chochote.

Mgeni rasmi, risala hii ni yake. Mengine utakayosikia tumeyaweka ili ifikie urefu wa risala.

HISTORIA YA KITUO

Jengo hili halikujengwa liwe kituo. Lilikuwa ghala la mbolea. Ndiyo maana milango yake ni mipana, madirisha ni machache, na siku za mvua koridoni hutokea harufu ambayo wageni hudhani ni ya askari. Ghala lilipogeuzwa kituo, liligawanywa kwa matofali vikapatikana vyumba kumi na saba. Kumi na sita wakagawana wenye vyeo na wenye makosa. Cha kumi na saba, kule mwisho nyuma ya vyoo, kisicho na dirisha wala tundu, hakikumfaa mtu. Wakapewa wafagizi. Hiyo ndiyo stoo ya mifagio, na ndiyo ofisi yetu mpaka leo. Hata hivyo leo hatumo, tutaeleza.

Koridoni kuna fremu ya kioo yenye Kanuni za Maadili ya Askari. Ziko kumi na nne. Nimekifuta kioo kile kila siku kwa miaka minne, na kitu ukikifuta kila siku, mwishowe unakisoma. Ya tano inasema mtu akikamatwa aandikwe kitabuni saa ileile. Ya sita inasema afikishwe mahakamani kabla saa ishirini na nne hazijapita. Ya tisa inasema mtu asikamatwe badala ya mwingine. Shuleni sikuwahi kukariri kitu bila kuchapwa. Hizi nimezikariri bure. Kama kuna mtihani wa kupanda cheo, mgeni rasmi, mimi niko tayari.

MAFANIKIO

Mkuu wetu alitushauri mafanikio yawe mengi, nasi tumejitahidi.

Mafanikio ya kwanza ni sakafu. Sakafu ya kaunta sasa inang'aa kiasi kwamba anayekuja kushtaki anajiona sura yake kabla hajaonana na askari, na wengine wakijiona hugeuka wakarudi nyumbani.

La pili, malalamiko yamekwisha. Mwaka juzi sanduku la malalamiko lilipokea barua nyingi. Mwaka jana chache. Mwaka huu hakuna hata moja. Sababu yake tutaitaja kwenye changamoto.

La tatu ni ukaguzi wa leo wenyewe. Chumba cha mahabusu ulichokikagua kina magodoro sita mapya. Ulibonyeza moja kwa kidole, ukaridhika. Magodoro yale ni ya bweni la shule ya jirani, ndiyo maana yana namba za vitanda, na yanatakiwa kurudi kabla ya saa kumi ili wanafunzi wapate pa kulala. Maua ya pale mbele nayo ni ya shule hiyohiyo. Shule ile imetusaidia sana. Halafu ukauliza, "Mahabusu wenyewe wako wapi?" Ukaambiwa, "Mheshimiwa, uhalifu umepungua." Tukapiga makofi. Tulikuwa tumeagizwa tupige.

Mgeni rasmi, tunayarudisha makofi yale. Hayakuwa yetu.

CHANGAMOTO

Wiki iliyopita Mkuu wa Kituo alituita ofisini, akatupa utaratibu. Alisema, "Changamoto ziwe mbili tatu, basi. Na zisiwe za watu. Andikeni changamoto za vifaa."

Mama Ndoo akauliza, "Vifaa vipi, baba?"

"Vifaa, mama. Maji. Ndoo. Glavu. Vitu ambavyo mgeni akivisikia anaweza kusema amesikia."

Tumetii. Changamoto zetu zote ni za vifaa.

Kifaa cha kwanza ni sanduku la malalamiko. Liko zima, lina rangi nzuri, lina tundu la kutosha barua. Tatizo ni ufunguo. Ufunguo anao koplo wa kaunta, yule ambaye barua karibu zote zilikuwa zinamhusu. Wananchi wanamwita Afande Kesho, kwa kuwa kila anayefika na shida huambiwa, "Njoo kesho." Alikuwa akilifungua sanduku kila Ijumaa, anasoma barua zake, halafu anamtafuta aliyeandika amsalimie. Baada ya kusalimiwa watu wanne, wengine wakaona wanyamaze. Hayo ndiyo mafanikio ya pili.

Kifaa cha pili ni kiti. Kwa sisi wa nje, kiti ni kitu cha kukalia. Kwa baadhi ya maafande wa hapa, kiti ni mtu. Wakimtafuta mtu wasimpate, wanamchukua mama yake, au mkewe, au dada yake, wanasema, "Huyu atamkalia kiti mpaka atokee." Katika miaka minne nimeona watu wakikaliwa viti na wazee, na mjamzito, na mara moja na bwana harusi ambaye hakuwa hata na ukoo na anayetafutwa, alikuwa amevaa suti inayofanana na ya kwenye picha.

Kiti cha safari hii ni fundi wetu. Nitaeleza nilivyoona, maana nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama juu ya stuli kibandani kwake, naye amepiga magoti na pini mdomoni ananikunjia pindo. Afande Kesho akaingia na mwenzake.

"Mdogo wako yuko wapi?" Mdogo wake fundi ni utingo wa lori, mtu mzima mwenye ndevu.

Fundi akatoa pini mdomoni moja moja. Akasema, "Afande, mdogo wangu ana miaka thelathini. Nilishaacha kumfunga kamba."

"Alichonipiga picha nacho kiko wapi?"

"Simu yake si anayo mwenyewe. Wewe ulipokuwa unampiga dereva wao kofi pale kwenye kizuizi cha barabarani, ulidhani atapiga picha na nini, na sufuria?"

Mwenzake alicheka. Afande Kesho hakucheka. Akasema, "Twende. Utamkalia kiti mpaka alete simu."

"Ngoja nimalize pindo la huyu mtoto. Limebaki shubiri moja."

"Pindo litangoja."

Wakaondoka naye. Mimi nikabaki juu ya stuli. Nilikaa pale juu muda mrefu kidogo, mgeni rasmi, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisitikisike.

Hilo kofi lilimpata dereva mzee aliyeuliza kwa nini gari lake linasimamishwa kwa mara ya tatu siku moja. Utingo alirekodi. Kosa lote ni hilo: kuna mtu aliona. Sisi wafagizi tunalijua kosa hilo vizuri, kwa sababu tunaliona kila siku tukiwa tumeinama.

Kifaa cha tatu ni kitabu cha kaunta. Kitabu hiki kina ugonjwa: baadhi ya watu hakiwaoni. Nilipotoka kibandani nilikuja moja kwa moja nikaanza kufagia kaunta. Niliifagia mara tatu, na ilikuwa safi tangu mara ya kwanza. Nilitaka nione kama fundi ataandikwa. Aliyekuwa zamu ni konstebo wa kike, mgeni kituoni, ana miezi minne tu tangu atoke chuoni. Akafungua ukurasa, akashika kalamu, akauliza, "Jina lako, dada?"

Afande Kesho akaweka mkono juu ya ukurasa. "Huyo haandikwi. Hana kesi."

"Kama hana kesi, afande, si aende nyumbani?"

"Wewe umekuja kazini kuuliza maswali?"

"Nauliza kwa sababu ya chakula, afande. Asipoandikwa hana sahani."

"Basi mpe yako."

Akampa yake, kwa siku mbili. Na alipoondoka Afande Kesho kwenda kunywa chai, yule konstebo akachukua kalamu akamwandika fundi: jina, saa, aliyemleta, na sababu. Sababu aliandika hivi: "Anamkalia kiti mdogo wake." Aliandika wima, bila haraka, kama mwanafunzi anayejua jibu.

Siku ya tatu ukurasa haukuwepo. Konstebo naye hakuwepo kaunta, alikuwa amehamishiwa getini. Ndiye aliyekufungulia geti asubuhi, akakupigia saluti. Ulimwambia, "Safi sana." Ni kweli, mgeni rasmi, ni safi sana.

Hapo Mama Ndoo alijaribu kusema na wakubwa. Yeye huongea na watu wakiwa chooni, kwa sababu hapo hawawezi kuondoka. Alimwambia Afande Kesho kupitia mlangoni, "Baba, yule mwanamke ana cherehani inamngoja."

Sauti ikatoka ndani, "Mama, hapa sisi ni familia. Mambo ya nyumbani hayatoki nje."

"Mimi nina familia pia, baba. Kwetu mtu akifungiwa chumbani siku mbili, wenzake wanauliza amekula nini."

"Mama, niache nimalize."

"Maliza. Karatasi imekwisha lakini, na mimi ndiye ninayeileta."

Hakumwacha hivyo, mgeni rasmi. Baadaye alimpelekea. Mama Ndoo si mtu wa kinyongo.

Tusiwaonee maafande wetu. Sisi ndio tunaofua mashuka yao, tunajua. Kule nyuma wanalala kwa zamu, anayeamka anamwachia mwenzake kitanda kikiwa bado na joto. Gari ni moja na matairi yake yamelainika kuliko kichwa cha mtoto. Kuna askari hapa mkono wake ulivunjika akimtoa mtoto wa watu kwenye nyumba inayoungua, na kuna mwingine alilia koridoni siku tuliyosafisha lile gari baada ya ajali, akatusaidia kusafisha. Wengi wao yaliyompata fundi hawakuyapenda. Nimewaona wakipita pale wanageuza uso. Nimeona wanaomletea maji. Ila hakuna aliyesema, kwa sababu askari anayesema huku anaitwa mbea, na anapelekwa getini, na akishapelekwa getini wenzake wanaacha kumkaribisha chai. Nadhani chai hiyo ndiyo inayowanyamazisha kuliko amri. Hapa mtu anaweza kuvumilia jua la getini siku nzima, lakini saa nne akiona vikombe vinapita bila chake, inamuuma.

Na ninasema hivyo nikijua na sisi tumenyamaza siku tisa. Tuna chai yetu na sisi.

UKURASA ULIOONGEZWA

Mgeni rasmi, mpaka hapo Mkuu wa Kituo alikuwa amesoma nusu akakata nusu, nasi tumezisoma zote mbili. Kuanzia hapa hajaona. Ukurasa huu tumeuandika leo hii, mlipokuwa ofisini mkinywa chai, sisi tukiwa nyuma ya tangi la maji. Tangi usiliguse pia, upande wa mbele una rangi. Upande wa nyuma haujapakwa, kwa kuwa haukuwa kwenye njia yako.

Hapa pembeni Mama Ndoo ameniandikia kwa penseli: "Mkuu akianza kutazama saa, ongeza sauti." Naongeza sauti.

Leo tulipofika kazini saa kumi na mbili asubuhi tuliambiwa, "Toeni mifagio stoo, panahitajika nafasi." Tulidhani ni nafasi ya viti. Tukatoa mifagio, ndoo, na madekio, tukavipanga nyuma ya ukuta. Madumu ya dawa ya choo ni mazito, tukaambiwa yaacheni. Tulipomaliza, wakaletwa watu kwa mstari kutoka chumba cha mahabusu. Walikuwa kumi na mmoja. Wakaingizwa stoo, mlango ukafungwa kwa ufunguo.

Hatukusema kitu. Tunataka ulijue hilo kutoka kwetu. Mmoja wetu hata alisogeza ndoo na kumwambia mzee mmoja, "Pita hapa, baba, usijikwae," kama vile anamkaribisha sebuleni. Mikono iliyotengeneza nafasi ile ni hii.

Fundi alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Siku tisa ni nyingi. Nywele zake zilikuwa zimetimka na alitembea ameshika ukuta. Alipofika kwangu alitazama chini, akaiona sare yangu, akasema, "Bado una pini? Angalia usijichome." Halafu akaingia.

Nimekuwa nikiyafikiria maneno hayo tangu saa kumi na mbili.

Mheshimiwa, ulipopita koridoni ulisimama karibu na vyoo, ukasikia kitu. Ukauliza, "Nini hicho kinakohoa?" Mkuu wa Kituo akasema, "Ni bomba, mheshimiwa. Likikosa maji linapiga kelele." Ukasema maji ni tatizo la kila mahali, ukaendelea na safari. Mimi nilikuwa nyuma yako na kitambaa mkononi. Bomba lile tunalijua. Lina miezi mitano halijatoa hata tone, na muda wote huo limekaa kimya kama limekula kiapo. Anayekohoa ni mtu. Chumba hakina dirisha, madumu ya dawa yako humo, vifuniko vyake havibani, na dawa ile hata sisi tukiitumia tunafunga kitambaa puani na kuacha mlango wazi. Sasa hivi ni saa sita kasoro. Hesabu mwenyewe saa ambazo wamo humo.

Leo umefungua milango kumi na sita. Kila mmoja ulikuwa na utepe, ukakata, tukapiga makofi. Huo wa kumi na saba haukuwekewa utepe.

MAOMBI

Tulishauriwa tuombe tangi jipya la maji. Tangi hatulikatai. Likija, tutashukuru, na tutakumbusha lipakwe rangi pande zote.

Ila kabla ya tangi tunaomba stoo yetu ya mifagio. Sisi ni watu wa kazi, na ukumbi huu mkiinuka utakuwa na karatasi za biskuti chini ya kila kiti. Tunahitaji mifagio ikae mahali pake, na haiwezi kukaa mahali pake kwa sababu pamekaliwa. Tunaomba wenye kesi warudishwe walikotoka na wapelekwe mahakamani kama fremu ya koridoni inavyosema, na wasio na kesi waende kwao. Wenye kukohoa waanzie kwa daktari.

Tunaomba fundi wetu atoke leo, kwa mlango wa mbele, mchana huu, watu wakiwa bado wamekaa. Akitolewa kimyakimya baada ya gari lako kuondoka, kesho kutwa atakuja kuchukuliwa tena, na safari hiyo hakutakuwa na mgeni rasmi wala risala. Kofi la kizuizini lipo kwenye simu. Mwenye simu amesema ataileta mwenyewe makao makuu, mkononi mwako na si mwa mwingine, dada yake akishafika nyumbani.

Tunaomba konstebo wa getini asiulizwe ni nani ametuambia nini. Hakutuambia kitu. Sisi tuna macho, na tulikuwa tunafagia.

Na kuhusu sisi saba, hatuombi kitu. Tukifukuzwa, atakayekuja kufagia baada yetu naye ataona. Sakafu ni ileile. Anayeinama kuifagia lazima aone kilichodondoka.

ZAWADI

Mgeni rasmi, mtu hapokelewi akaondoka mikono mitupu. Wengine wamekupa saa ya ukutani na picha yako mwenyewe kwenye fremu. Yetu ni ndogo. Mama Ndoo anakuletea sasa hivi hapo mezani. Mkuu wetu, tunakuomba umpishe mama apite, magoti yake hayapendi kuzunguka.

Imefungwa kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye sare zetu. Ndani kuna vitu viwili.

Cha kwanza ni karatasi. Itakuwa na mikunjo, samahani, tumejaribu kuinyoosha kwa pasi. Ni ukurasa wa kitabu cha kaunta. Aliyeuchana aliutupa kwenye kapu la taka chini ya meza yake, na inaonekana hajawahi kujiuliza kapu lile huwa linamwagwa na nani. Jina la fundi limo, saa imo, aliyemleta yumo, na sababu imo.

Cha pili kimefungwa ndani ya karatasi hiyo. Ni ufunguo. Asubuhi walipotunyang'anya stoo walichukua ufunguo uliokuwa mlangoni wakadhani ni huo tu. Stoo ya mifagio ina funguo mbili tangu siku za mbolea, na wa pili umekaa kwenye kanga ya Mama Ndoo miaka kumi na tisa.

Utauliza kwa nini sisi wenyewe hatukuufungua mlango. Tulishauriana, mheshimiwa, hapo nyuma ya tangi. Nilikuwa wa kwanza kusema tufungue. Mama Ndoo akanishika mkono. Akasema, "Mwanangu, sisi tukiufungua tumetorosha mahabusu, na tutaingia humohumo sisi. Yeye akiufungua, amekagua." Tukaona ni kweli. Ufunguo ni uleule na mlango ni uleule, kinachotofautiana ni mkono.

Kwa hiyo hatukuombi utende jambo kubwa. Umekuja kukagua, umebakiza chumba kimoja. Unatoka hapa, unashika korido ya kulia, unapita fremu ya Kanuni, unapita vyoo, ni mlango wa kijani wenye alama ya ndoo kugonga. Ufunguo unasumbua kidogo, uvute kwako kwanza ndipo uzungushe. Ukifika, kaa kando, usisimame mbele, maana harufu itatoka kwanza na watu watafuata.

Mungu akujalie mkono usiotetemeka sasa na safari njema baadaye. Awape maafande wetu vitanda vya kutosha, na ujasiri wa kunywa chai na mwenzao wa getini. Awape waliomo ndani pumzi ya kungoja hatua zako chache. Na fundi wetu ampe macho mazima, kwa kuwa mapindo matatu bado yanamsubiri, na sindano yake niliitunza.

Tumeshachota maji ya kunywa, tuliyabeba kichwani kutoka kule shuleni. Yako kwenye ndoo safi karibu na mlango huo. Vikombe ni kumi na moja.

Ni sisi,
Kikundi cha Wafagizi wa Kituo,
wanawake saba, tumesimama, tunangoja uinuke.